Mlenda wa Mahabusu

Chakula cha mahabusu kilikuwa na sheria yake, nayo ilikuwa rahisi: aliyekileta hukionja kwanza mbele ya askari. Nilifungua sufuria juu ya meza ya mbao karibu na lango dogo, nikakata tonge la ugali wa uwele, nikalichovya kwenye mlenda, nikala. Askari alinitazama mdomoni mpaka nikameza. Kisha alichukua kijiti, akachomachoma ugali pande zote kuona kama kuna kitu kimefichwa ndani, akafunika, akaipitisha sufuria. Ugali ulipofika kwa mdogo wangu ulikuwa na matundu kama kichuguu, na pembeni umemeguka pale nilipoonja. Aliniambia siku moja kwamba huanza kula hapo hapo, mahali nilipomega mimi.

"Kwa nini hapo?" nilimwuliza.

"Naona kama tumekaa sinia moja."

Alikuwa mahabusu, si mfungwa, na tofauti hiyo ilinibidi niijue upesi. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa. Anavaa sare na analishwa na serikali. Mahabusu anasubiri kesi. Anavaa nguo zake mwenyewe, na ndugu zake wanaruhusiwa kumletea chakula. Ndugu aliyekuwa karibu ni mimi. Nilikuwa nimepanga chumba Kizota, pembeni mwa mji, nikitunza stoo katika karakana moja ya shirika la umma, na kutoka kwangu mpaka gerezani ulikuwa mwendo ambao sufuria ikivikwa kanga mbili inafika bado ya moto. Baba na mama walikuwa kijijini, upande wa magharibi, kupita Zuzu. Miguu ya mama ilikuwa imevimba tangu zamani na safari haiwezi. Basi alifanya alichoweza. Alisaga uwele, akakausha mlenda wa porini na kuutwanga, akavifunga kwenye kitambaa na kumpa baba au jirani yeyote anayekuja mjini. Mimi niliwasha moto tu. Chakula kilikuwa chake. Kwa miaka yote ambayo mdogo wangu alikaa pale, mama hakumwona hata mara moja, ila alimlisha.

Lililompeleka ndani lilitokea kisimani. Kwetu wakati wa kiangazi hakuna mto, kuna korongo la mchanga. Watu huchimba visima humo mchangani na kunywesha mifugo kwa zamu. Mwaka ule maji yalikuwa machache, ng'ombe wamechoka kusubiri, na ubishi wa zamu ukazuka kati ya vijana wa upande wetu na vijana wa nyumba jirani. Wakapigana kwa fimbo. Kijana mmoja wa jirani alipigwa kichwani, akaanguka, akafa kabla hajafikishwa zahanati. Walioshika fimbo upande wetu walikuwa watatu. Wawili, watoto wa shangazi, walitoroka kabla polisi hawajafika, na mpaka leo sijui waliko. Mdogo wangu hakutoroka. Alisema yeye alimpiga yule kijana mkononi, kichwani hakumgusa, na mtu ambaye hakuua hana sababu ya kukimbia. Polisi walimkuta anafunga ndama.

"Mimi nilimpiga mkono." Hilo alilisema kituoni siku ya kwanza na hakulibadilisha. Kutoka kwake kulitegemea kama kuna mtu atakayeliamini.

Kesi ya mauaji haina dhamana. Kila baada ya wiki mbili karandinga liliwapeleka mahakamani, kesi ikatajwa, mwendesha mashtaka akasimama na kusema upelelezi haujakamilika, karandinga likawarudisha. Nilikwenda nilipopata ruhusa kazini. Baba alikwenda mara ya kwanza akiwa amevaa koti lake la sikukuu, akasikia maneno hayo, akanigeukia nje ya mlango.

"Wanapeleleza nini, mama?" Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Mtu alikufa mchana. Watu wote walikuwapo. Wanatafuta nini ambacho hawajaambiwa?"

Nilimwambia ni utaratibu.

Gerezani napo kulikuwa na utaratibu wake. Mnaingia wawili, mnasimama mbele ya wavu, yeye upande wa pili, na askari kati yenu. Mazungumzo ni kwa Kiswahili tu, ili askari asikie kinachosemwa. Mimi sikuona taabu. Baba alifungwa mdomo. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani: bei, rangi ya ng'ombe, salamu. Mtu ambaye kwa Kigogo alikuwa akisimama kwenye kikao watu wakaacha kutafuna, mbele ya wavu ule alibaki na maneno ya kuokoteza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula."

"Mama yako anasalimu."

"Nimemsikia kwenye mlenda."

Baba alicheka, kisha akatafuta neno la kuendelea, akalikosa. "Mvua hakuna," alisema. Wakasimama hivyo wakitazamana mpaka muda ukaisha. Nje ya lango alichukua fimbo yake, ambayo huwa tunaiacha kwa mlinzi, na hapo maneno yakamrudia yote kwa wingi. Alizungumza njia nzima mpaka Kizota: angemwambia hivi, angemwuliza vile, kuna ndama amezaliwa, mama amemwota mwanawe.

Askari aliyekuwa zamu mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wetu. Alianza kunichokoza tangu wiki za mwanzo.

"Mgogo, mlenda tena? Ninyi mna mpango. Huyu mnamlainisha apite chini ya lango."

"Na ninyi mngemletea nini? Viazi vikavu, hiyo michembe yenu, ang'oke meno kabla ya kesi."

"Michembe ni chakula cha wanaume. Onja huo uji wenu, foleni ni ndefu."

Watu kwenye foleni walicheka. Karibu wote tulikuwa wanawake, kila mmoja na sufuria au kopo lake, na tulijuana kwa vyakula kuliko kwa majina. Kulikuwa na mama wa wali wa nazi, mke wa mfanyakazi mmoja wa ofisi, mtu wa pwani, ambaye mume wake aliachiwa baada ya miezi michache. Siku ya mwisho alikuja na sufuria tupu, akatuaga mmoja mmoja. Wengine tuliendelea.

Nje ya ukuta ule mji ulikuwa unageuka kila mwezi. Maduka ambayo yalikuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za rangi na mafuta ya kula ya kuchagua. Mitumba ilimwagwa chini sokoni, watu wakainama na kuchambua. Siku moja tuliitwa uani pale karakana tukaambiwa shirika linauzwa kwa mtu binafsi na sisi tunapunguzwa. Niliukabidhi ufunguo wa stoo kwa kijana aliyevaa tai ambaye hakujua tofauti ya bolti na nati, na kesho yake nikaanza kuwapikia mafundi wa gereji zilizokuwa zimechipuka kila upande hapo Kizota. Kwa hiyo sufuria zikawa kazi yangu siku zote saba. Za wiki zilikuwa za mafundi. Ya Jumapili ilikuwa ya mdogo wangu, nayo sikuchanganya na nyingine.

Yeye nilimsimulia mabadiliko hayo naye akasikiliza kama mtu anayesikia habari za nchi jirani. Shati alilokamatwa nalo lilichanika, nikampelekea la mtumba lenye maandishi asiyoyaelewa kifuani. Lilipochanika hilo nikampelekea jingine. Alianza kukohoa wakati wa baridi, na kiangazi kilipofika kikohozi hakikuondoka. Sauti yake ikawa ndogo. Lakini kila baba alipokuja aliuliza juu ya ng'ombe, mmoja mmoja kwa rangi, na hayo baba aliyaweza kwa Kiswahili. Mwekundu yuko. Mwenye baka amezaa. Mweusi alikufa na ukame.

Jumapili moja akauliza juu ya jike moja la kijivu alilolilea mwenyewe kwa mkono baada ya ng'ombe aliyelizaa kufa.

Uso wa baba ukafunguka.

"Ameenda kwa wale," alisema. "Yeye na wengine. Tumepatana."

"Mmepatana?"

"Tumekula pamoja. Imeisha."

Sijawahi kumwona mdogo wangu akishika wavu kwa mikono miwili namna ile. Askari alimgonga kidogo vidoleni kwa kijiti, bila ukali, kumkumbusha. "Dada, umesikia?" alisema. "Wamepatana. Sasa nani atakuja kunisemea vibaya?" Alicheka mpaka akakohoa. Siku hiyo yule mtani alituongezea muda kidogo.

Njiani baba alinieleza kwa Kigogo yote yaliyofanyika. Wazee wa nyumba mbili walikaa kutwa nzima. Ng'ombe walitajwa, wakakataliwa, wakaongezwa, wakakubaliwa. Beberu alichinjwa, wazee wa pande zote wakanawa katika bakuli moja na kula nyama ya mnyama mmoja. Tangu siku hiyo watoto wa nyumba zile mbili walirudi kunywesha kwa zamu kwenye korongo bila mtu kubeba zaidi ya fimbo ya kuswagia. Mama alipeleka unga kwa mama wa marehemu, na yule mama akaupokea. Kwa watu wetu hakuna kubwa zaidi ya hilo. Baba alitembea mbele yangu kando ya reli kama mtu aliyeshusha gunia.

Baba wa marehemu alikuwa mtu wa kweli. Kesi ilipotajwa tena alikuja mjini kwa hiari yake pamoja na baba, akasimama koridoni, akamwendea karani na kumwambia kwamba wao wamekwisha maliza, hawadai kitu, kijana aachiwe akalime. Karani alimsikiliza vizuri. Alimjibu kwamba mshtaki si yeye. Mshtaki ni Jamhuri.

Wazee wale wawili walikaa kwenye benchi wakalitafakari. Baadaye baba akaniuliza.

"Huyo Jamhuri ni wa nyumba gani?"

"Si mtu, baba. Ni serikali. Ni nchi nzima."

"Kama ana dai, mbona hakuja siku ya nyama? Tungemsikiliza."

Baba wa marehemu aliitikia kwa kichwa. Walikuwa hawafanyi mzaha.

Kikao cha Mahakama Kuu kilikuja wakati tulikuwa tumeacha kukiulizia. Mdogo wangu alipewa wakili na serikali, kijana mpole mwenye kikohozi kama chake, ambaye alikutana naye asubuhi hiyo hiyo chini kwenye mahabusu ya mahakama. Wakili alitoka huko akanikuta nimesimama na wazee. Aliuliza kama kuna mtu anayeweza kueleza kwamba familia zimepatana. Ingesaidia, alisema, kuonyesha hapakuwa na uadui.

"Mimi," alisema baba. Alikuwa amekwisha simama.

Shahidi wa kwanza, mchunga mbuzi aliyekuwa upande wa pili wa korongo, alisema aliona fimbo zikipanda na kushuka na mdogo wangu akiwa kati yao. Fimbo ya nani ilitua kichwani hakuweza kusema. Wakili wetu alilishika hilo vizuri. Alimrudisha pale pale kwa maswali, na kila mara yule mchungaji akasema hajui. Mdogo wangu naye akapanda, akasema aliyoyasema tangu mwanzo, kwamba alimpiga mkono. Jaji aliandika yote kwa mkono wake. Wazee wa baraza watatu, wale wanaomshauri jaji, walikaa kando yake wakisikiliza, na mmoja wao, nilimwona, aliitikia kwa kichwa. Nilimtazama mzee huyo kwa muda mrefu. Ndiyo ilikuwa saa yangu ya matumaini, na nilijua wakati ule ule kwamba ndiyo.

Kisha akaitwa baba. Aliomba aseme kwa Kigogo, akapewa mkalimani, mzee mmoja wa mjini ambaye ni Mgogo kama sisi. Kwa mara ya kwanza tangu mdogo wangu akamatwe, baba alizungumza mbele yake kwa lugha yake. Alizungumza vizuri. Alieleza kikao, ng'ombe, bakuli la kunawia. Hata jaji alisimamisha kalamu akamtazama. Wakili wetu alishukuru, akaketi.

Wakili wa serikali alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ng'ombe hao mliwatoa kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mtoto wa wenzetu aliyelala."

"Na anayewatoa husema neno lolote, au huwatoa tu?"

"Husema. Ng'ombe hawatolewi kimya. Wakitolewa kimya hawapokelewi."

"Wewe ulisema nini?"

Nyuma yangu, kwenye benchi la mwisho, alikuwa amekaa baba wa marehemu pamoja na wazee wawili wa nyumba yake. Walikuwa wamekuja kutusaidia. Walilala kijiji cha njiani ili wawahi. Nilimwona baba akiwatazama juu ya kichwa changu, mmoja baada ya mwingine, watu aliokula nao nyama moja.

Sikujua maneno yenyewe. Kikao cha namna ile ni cha wanaume, na maneno yake ni sehemu ya desturi kiasi kwamba hakuna anayefikiria kuyasimulia. Mtoaji husema kwamba mkono ulioua ni wa nyumba yake. Haulizwi kama aliona, haulizwi ni mkono upi. Bila neno hilo aliyekufa hana aliyemwua, na nyumba yake haina wa kupatana naye. Kama baba angesema pale mahakamani kwamba hajui nani aliua, wale wazee wa nyuma wangekuwa wamekula nyama ya uongo, na korongo, na zamu, na unga wa mama, vyote vingerudi pale vilipokuwa siku ile ya fimbo.

Akalisema.

Mkalimani hakutafsiri papo hapo. Aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta neno, ingawa maneno yalikuwa mepesi.

"Mkalimani," jaji alisema.

"Anasema, mheshimiwa, mkono uliomwua ni wa nyumba yangu."

"Mkono wa nani katika nyumba yako, mzee?" aliuliza yule mama, kwa upole ule ule.

"Nina mtoto wa kiume mmoja," alisema baba.

Wakili wetu aliruka kusimama. Alimwuliza baba kama alikuwapo kisimani. Hakuwapo. Alimwuliza kama alimwona aliyempiga marehemu kichwani.

"Sikuona," alisema baba, akishangaa. "Kuona kwa nini? Nimekwisha toa ng'ombe."

Nilimtafuta mdogo wangu kizimbani. Alikuwa amegeuza mikono yake viganja juu, anaitazama.

Nje baba wa marehemu alimwendea baba, akamshika mkono na kukaa nao muda mrefu bila kuuachia. Walikuwa wazee wawili wanaoheshimiana, na mmoja alikuwa amethibitisha mbele ya serikali kwamba neno lake halibadiliki. Nilisimama kando na sufuria tupu. Baba alipowaaga wale wageni akaja kwangu.

"Mama, nimesema vibaya?"

Wakili alikuwa amekwisha nieleza koridoni, kwa ufupi, na kwa haki. Neno la baba pekee lisingemfunga mtu, lakini mchunga mbuzi alimweka mdogo wangu kwenye ugomvi, na baba yake mzazi sasa alikuwa ameiweka fimbo mikononi mwake. Nilimweleza baba hivyo hivyo kwa Kigogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikaa chini kwenye ngazi za mahakama, watu wakimpita na mafaili.

Hukumu ilikuwa ya kuua bila kukusudia, na kifungo kilikuwa kirefu. Jaji alipotaja miaka, nilijikuta sijumlishi umri wa mdogo wangu. Nilijumlisha wa mama.

Jumapili iliyofuata nilipika kama kawaida. Sijui nilifikiria nini, nilijua sheria. Nilifika mezani, nikafungua, nikamega, nikanyoosha mkono kuonja. Mtani wangu aliweka kiganja chake juu ya sufuria.

"Acha, dada," alisema. Hakuwahi kuniita dada. "Sasa ni mfungwa. Mfungwa analishwa na serikali."

"Leo tu."

"Hata leo."

Nilingoja neno la kunichokoza, hata tusi la mlenda. Hakulisema. Alifunika sufuria mwenyewe, akaivika kanga, akanirudishia.

Mdogo wangu nilimwona baada ya mwezi, ndani ya sare. Alikuwa amenyolewa, na kichwa chake kilionekana kidogo.

"Baba aliposema mmepatana nilifurahi," aliniambia. "Sikuuliza mmepatana kwa maneno gani."

"Hata mimi sikuuliza."

"Yeye anajua nilimpiga mkono. Nilimwambia hapa hapa, kwa Kiswahili na kwa vidole." Alitulia apate pumzi. "Mwambie asije."

Nilimwambia baba. Alikuja hivyo hivyo, siku ya kuonana iliyofuata. Alipofika kwangu hakutaka kukaa wala kunywa chai. Alitaka nimfundishe sentensi moja ya Kiswahili. Aliisema kwanza kwa Kigogo, nami nikamgeuzia: sikuweza kuwadanganya watu waliokula nyama yangu. Aliirudia njia nzima. Alikosea kwenye "kuwadanganya", akaanza upya, akakosea tena, mpaka tulipofika langoni ameshaipata.

Mtani alikuwa zamu. Alimwamkia baba, akamtazama midomo inavyocheza, akaelewa kuna jambo.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "leo sema Kigogo. Mimi nitatazama huko."

Baba alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Aliacha fimbo kwa mlinzi, akanyoosha koti, tukaingia, tukasimama mbele ya wavu. Mtani alikwenda kumwita. Alikawia. Aliporudi alikuwa peke yake.

"Anasema atamwona dada tu. Mzee akiwa hapa, hatoki."

Baba aliutazama wavu. "Basi," alisema kwa Kiswahili. Alitoka, akachukua fimbo yake, akaenda kukaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Nilimwuliza kama nimpelekee mimi yale maneno. Alikataa. Maneno kama yale, alisema, hayatumwi.

Nilipotoka aliniuliza jambo moja tu.

"Ameuliza juu yangu?"

"Hapana, baba."

Alikuja tena mara kadhaa, akakaa pale pale kivulini wakati mimi nimo ndani, na kila nilipotoka aliuliza vile vile, nami nikajibu vile vile. Kisha siku moja mtani akaniambia mdogo wangu amehamishwa, pamoja na wengine, kwenda gereza la kilimo mkoa mwingine. Waliondoka alfajiri. Hakukuwa na kuaga. Nimekwenda huko mara moja, nikaambiwa yuko zahanati ya gereza, kikohozi, na siku ile wagonjwa hawaonwi. Nilituma barua, haikujibiwa. Sijui kama hakupata mtu wa kumwandikia au hakutaka kujibu.

Kijijini mapatano yanashika. Nyumba zile mbili zinanywesha kwa zamu, na mwaka juzi kijana wao alimwoa binti wa kwetu. Jike la kijivu limezaa huko lilikokwenda. Baba akipita kwenye mikutano watu wanampisha akae mbele. Hakai.

Baada ya ile Jumapili niliyorudishiwa sufuria, nilikwenda mwenyewe kumweleza mama. Alikuwa amekaa mlangoni, miguu imenyooshwa juani, anachambua majani ya mlenda.

"Mama, gerezani hawapokei tena chakula."

"Wamekataa uwele au wamekataa mlenda?"

"Wamekataa vyote."

Aliendelea kuchambua kwa muda. Majani mabaya aliyatupa upande, mazuri akayaweka mapajani.

"Kama ni hivyo, uonje wewe," alisema.

Mavuno yalipopita jirani alinishushia kifurushi kile kile, kitambaa kile kile, unga na mlenda. Kimekuja kila mwaka ambao mvua imenyesha. Siku za kazi nawapikia mafundi. Jumapili nasonga ugali wa uwele, napika mlenda, nafungua sufuria mezani kwangu, namega tonge moja pembeni, nachovya, nameza. Halafu nafunika.